Rangi ya Bonde Letu

Ningeweza kusema hapana. Ilikuwa Jumapili mchana, tumetoka misa, mke wangu hata hajabadilisha kitenge chake cha kanisani, na shefu wa mtaa wetu alikuwa ameketi kwenye kiti changu, mguu juu ya mguu, akinywa munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi, tuliyomkaribisha nayo. Alikuja na jirani yangu wa ng'ambo ya njia, mchoma makala, yaani makaa ya miti, mtu wa maneno mengi na kicheko cha karibu. Shefu alisema kwamba kesho yake wataalamu wa mazingira wangefika kutia rangi kwenye ramani, nyekundu kwa sehemu zilizo katika hatari kubwa ya kuungua wakati wa kiangazi, kijani kwa zilizo salama, na walihitaji mwenyeji wa kuwatembeza. Mtaa ulikuwa umenichagua mimi. Nilisoma sekondari, na katika ujana wangu nilizunguka porini na watafuta madini, nikiwabebea vyombo na kuwashikia ncha ya kamba ya kupimia. Nilifurahi kuchaguliwa, sifichi. Kisha shefu akasema jambo lililomleta.

“Muzee, kule kwingine kote ubaambie kweli yako. Lakini bonde yetu hii, usikubali bayiweke rangi nyekundu.”

“Juu ya nini?”

“Unauliza juu ya nini? Ni wapi uliona banaweka rangi nyekundu, kisha batu banabakia?”

Jirani yangu akaanza kucheka kabla hajasema. “Mi mara ya kwanza nilizani banatupambia Noeli! Jioni banapaka musalaba nyekundu mu mulango, asubui kamiyo hii hapa. Na kuku yangu moja tulimusahau kule. Mupaka leo iko inanitafuta.”

Tulicheka sote, hata mke wangu aliyekuwa akikusanya vikombe. Lakini kicheko kile hakikuenda mbali. Kila mtu katika mtaa wetu aliujua msalaba ule. Tulikuwa tumehamishwa kutoka upande mwingine wa Kolwezi, mgodi ulipopanuka, na nyumba zilizotakiwa kubomolewa zilitiwa alama ya rangi nyekundu mlangoni, kisha malori yakaja kutubeba. Nyingine zilitiwa asubuhi, wenyewe wakiwa kazini, wakarudi wakaikuta imekwisha kukauka. Tangu hapo watu wetu hawakuipenda rangi ile. Nilimjua mama mmoja aliyepaka upya mlango wa jiko lake kwa sababu tu fundi alikuwa ameuchagulia nyekundu.

“Tata,” shefu akasema, akiniita baba, sasa kwa sauti ya chini, “tutahama mara ngapi?”

Nilitazama kuta za nyumba yangu. Nilikuwa nimeijenga kwa matofali ya kuchoma, polepole, na ilikuwa nyumba ya kwanza maishani mwangu ambamo hakuna mkuu wa kazi aliyeweza kunitoa. Nikasema, “Sawa, shefu. Mi nitaangalia.”

Hakuna aliyenishika shati. Hakuna aliyenitisha. Niliombwa nyumbani kwangu, nimeshiba, na nikakubali.

Inafaa nieleze mahali tulipoishi, kwa sababu baadaye kila kitu kilitokana na mahali pale. Nyumba zetu zilikuwa kwenye mteremko. Upande wa juu palikuwa na ukuta wa kampuni ya mgodi, ukuta wa saruji wenye nyaya za miba, mrefu kuliko mtu aliyesimama juu ya mabega ya mwenzake. Upande wa kusini palikuwa na bwawa la mabaki ya mgodi, matope ya rangi ya kijivu ambayo hayakanyagiki, kama yale wanayoyaosha upya kutafuta shaba kule Kingamyambo. Upande wa chini palikuwa na bonde. Sisi huku tunaliita dambo: maji yamekaa chini ya udongo mweusi, na juu yake majani marefu yanayomfunika mtu. Barabara ilikuwa moja tu. Ilishuka kutoka kwenye nyumba, ikalikata bonde katikati, ikapita juu ya mabomba ya saruji ambamo kijito kilipita, ndipo ikaelekea mjini. Mwaka wa kwanza nilimwambia mke wangu kwamba tumetiwa ndani ya chupa, na bonde ndilo shingo yake. Alinijibu kwamba hata chupa ni nyumba, ikiwa mtu hana nyingine.

Yeye alilipenda bonde. Kando ya kijito wanawake walichimba visima vifupi vya kulowekea mihogo. Walileta mihogo mibichi, wakaizamisha, wakairudia siku chache baadaye imelainika na sumu imetoka. Kila mwanamke alikuwa na kisima chake. Cha mke wangu kilikuwa cha ndani zaidi, katikati kabisa ya majani, kwa sababu alisema maji ya pembeni huchafuliwa na mbuzi. Alirudi kutoka huko mikono imekunjamana na kutoa harufu ile ya uchachu, na mimi nilijifanya kuikimbia. Alinifukuza nayo ndani ya nyumba, mama mtu mzima mwenye goti bovu, akitaka kunishika mashavu.

Nilizaliwa upande wa Lubudi, na kwetu majani hayakuachwa yakae. Mvua zikiisha, wakati majani yamekauka nusu na asubuhi bado kuna umande, watu walitoka pamoja na kuyachoma. Wanaume walitia moto, wanawake walifuata na matawi mabichi wakiufagia pale ulipotaka kuzidi. Ulikuwa moto mfupi, wa magotini. Ulikula kidogo kidogo na kuacha madoa ya kijani. Kiangazi kikali kilipofika, moto mkubwa ukija kutoka mbali ulikuta hakuna cha kula, ukageuka. Wazee wetu waliusimamia kwa ajili ya finkubala pia, wale viwavi tunaowala, kwa kuwa moto uliochelewa huua miti yao. Lakini huku mtaani kampuni ilikataza moto wowote karibu na ukuta, kwa sababu ya nyaya za umeme zilizopita pale. Basi majani ya bonde yalikuwa yamesimama misimu mitatu, mapya juu ya yale yaliyokufa. Ukiingiza mkono ndani yake ulihisi kama godoro.

Nilijua maana yake. Hilo ndilo ninalotaka lieleweke.

Mtaalamu aliyekuja alikuwa msichana wa Lubumbashi, amevaa buti mpya na kofia iliyokuwa kubwa kwake, na alibeba kifaa chenye ramani kwenye kioo. Aliniita papa, yaani baba. Dereva wake alibaki kwenye gari akilala, sisi tukatembea.

Tulianza na kilima cha shaba kilicho nyuma ya mtaa wa pili. Miti haipandi pale, udongo una shaba nyingi mno. Kuna nyasi fupi tu na yale maua madogo ambayo watafuta madini huyafuata. Maswali yake yalikuwa yale yale kila mahali. Kuna nini cha kuungua? Paliungua mara ya mwisho lini? Upepo wa kiangazi unatoka wapi? Kuna nani? Wakikimbia, watatokea wapi?

“Hapa moto unapita kama mutu mwenye kuchelewa misa,” nilimwambia. “Mbio, kisha basi. Hauna cha kukaa nacho.”

Alicheka, akagusa kioo, kilima kikawa cha njano.

Tulifika msitu uliokatwa kwa ajili ya makala. Visiki vilikuwa vimebaki, na kati yake matawi ambayo wachoma makala hawakuyahitaji, makavu, yamelala hadi kiunoni. Nilimwonyesha jinsi matawi yale yanavyoubeba moto kutoka chini hadi kwenye majani ya miti michache iliyobaki. Nyekundu. Tulipita mashamba ya mihogo yaliyoachwa. Njano. Tukafika kwenye mikaratusi iliyopandwa nyuma ya shule, nikaponda jani nikampa anuse mafuta yake, nikamwambia kwamba mti huo hurusha gome linalowaka hadi mbali. Nyekundu, na shule ilikuwa chini ya upepo. Alifurahi. Alisema, “Donc, papa, na mimi ningekupatia wee kofia hii.” Nami nilitembea kwa maringo, mzee mzima, kama mtu aliyeitwa mbele ya darasa.

Njiani nilimwuliza, nikijifanya nauliza tu.

“Mama, sasa fasi ile inawekwa nyekundu, banahamisha batu?”

“Mi sijue, papa. Mi naandika mambo ya moto tu. Bale ba juu njo banaamua.” Kisha akaongeza, “Lakini mwaka hii, kwa nyekundu, ekipe itakuja kuchoma majani mapema, na ruhusa. Na kama kuko ukuta, kampuni itaombwa itoboe mulango.”

Kwa hiyo nililijua hilo pia kabla hatujafika bondeni. Mlango katika ukuta. Moto mfupi wa mapema, wenye ruhusa. Ndivyo vitu viwili ambavyo mtaa wetu ulivihitaji kuliko vyote. Na upande mwingine kulikuwa na lile “mi sijue” lake, na nyuma yake niliona malori.

Tulisimama kandokando ya bonde. Majani yalimpita kimo. Wanawake walikuwa kwenye visima vyao, na mke wangu alisimama ndani ya maji hadi magotini, akatupungia mkono mweupe wa mihogo. Alimwita yule msichana. “Mwanangu, huyu muzee anakutembeza bila kula? Kuya uchukue kalanga!” Akatoka na kumpa karanga zilizofungwa kwenye ncha ya kitenge, na msichana akapiga goti kidogo kupokea, kama mtoto aliyelelewa vizuri.

Mke wangu aliporudi kisimani, msichana alitazama majani, akatazama mteremko, akautazama ukuta.

“Papa, hapa ilichomwa lini?”

“Hapa kuko mayi,” nikasema.

“Na batu batatokea wapi?”

“Kuko barabara.”

Yote mawili yalikuwa kweli. Alikanyaga kwa kisigino, maji yakapanda kuzunguka buti lake jipya, kwa sababu ilikuwa Juni na bonde lilikuwa halijakauka. Aliyatazama maji yale. Nadhani kama angekuwa peke yake angeweka nyekundu. Lakini alikuwa na mimi, na asubuhi nzima sikuwa nimemdanganya hata mara moja.

“Papa, uko na hakika?”

“Mwanangu, mi nimekomalia mu majani tangu utoto.”

Akagusa kioo. Bonde letu likawa la kijani.

Mwezi uliofuata kikosi cha kuchoma mapema kilikuja. Kutoka kwenye mteremko wetu tuliona moshi mwembamba ukipanda kutoka kwenye msitu uliokatwa, kisha nyuma ya shule, moshi mtulivu, wa kazi. Jirani yangu alisimama njiani akiwaelekeza wapita njia. “Muangalie bale! Banachomewa bure. Sisi tuko ba kijani, tuko mu paradizo.” Watu walicheka na kunipa mkono. Shefu aliniletea jogoo.

Mke wangu alikuwa akimnyonyoa jogoo huyo uani aliponiuliza, bila kuinua macho.

“Tata, jogoo hii ni ya nini?”

“Ya kutembeza bageni.”

“Na bageni balisema nini juu ya bonde?”

“Balisema ni muzuri. Kuko mayi.”

Alinyonyoa kwa muda. “Mama yangu alikuwaka anasema dambo njo inaungua mubaya. Inaungua chini kwa chini, kama makala. Alikuwaka anatukataza kupita.”

Hapo ningeweza kumwambia. Tulikuwa wawili tu, na jogoo. Lakini ningemwambia nini? Kwamba nilijua, na nikasema vingine? Angeniuliza kwa nini, na angenituma nirudi mjini siku hiyo hiyo. Nilimjua. Kwa hiyo nikajibu kwa sauti ya mwenye nyumba.

“Kwenu ni kwenu. Hapa mayi iko mingi. Siku moto itakuya, ingia mu kisima yako ukae. Utatoka na baridi tu.”

“Aya,” akasema. “Wee njo unajua mambo ya majani.”

Tulimla yule jogoo kwa bukari, yaani ugali, na sombe ya majani ya mihogo. Alikuwa mgumu.

Mwezi wa nane bonde lilianza kukauka. Kila asubuhi nilishuka na kukanyaga kwa kisigino, kama yule msichana, na kila asubuhi maji yalikawia zaidi kupanda, hadi siku moja hayakupanda. Udongo mweusi ulikuwa umepasuka, na kwenye nyufa ungeweza kuona mizizi mikavu iliyosukana kama katani. Maji yalibaki kwenye visima na kwenye kijito tu. Nilianza kukosa usingizi. Mchana nilikuwa nikizihesabu njia za kutoka, na hesabu ilikuwa ile ile: ukuta, matope, bonde, barabara iliyo ndani ya bonde.

Nilikwenda mjini, Manika, kwenye ofisi alikotoka yule mtaalamu. Nilimkuta karani mwenye shati lililopigwa pasi vizuri. Yule msichana alikuwa ametumwa wilaya nyingine. Nilisema nataka kurekebisha rangi ya mahali fulani. Aliniuliza kama mahali hapo pamehama. Nikasema hapana. Akaniuliza kama ninasema kwamba mtaalamu alikosea. Nikasema aliyekosea ni mimi. Alinitazama kama mtu aliyeingia ofisi isiyo yake, akasema nirudi na shefu wangu, kwa kuwa shefu ndiye aliyenituma.

Nilimkuta shefu akinyoa ndevu kwenye kioo kilichotundikwa nje.

“Muzee, ulisema kijani. Sasa unataka kusema nyekundu?” Hakugeuka, alizungumza nami kupitia kioo. “Batasema tuko batu ba bongo. Bakisema tuko batu ba bongo, ile njo batatutoa kweli kweli.”

“Majani imekauka, shefu.”

“Kila mwaka inakauka. Mvua iko karibu.”

Mvua haikuwa karibu. Lakini alichosema kuhusu uongo kilikuwa na akili, na hapo ndipo nilipoelewa jinsi nilivyojifunga. Nikisema kweli, ninauonyesha mtaa wote kuwa mwongo. Nikinyamaza, majani yanaendelea kukauka. Kuyachoma mwenyewe haikuwezekana tena. Wakati wa moto mfupi ulikuwa umepita, na yeyote ambaye angewasha kiberiti mwezi ule angekuwa ndiye adui mwenyewe. Ningeweza kupita nyumba kwa nyumba na kuwaambia watu. Hilo sikulifanya. Nilijiambia kwamba nitawatia hofu bure. Ukweli ni kwamba nilipenda namna walivyonipa mkono.

Nilichofanya ni kuchukua kupekupe yangu, panga la kufyekea, na kukata majani nyuma ya nyumba yangu, ukanda mpana, nikafagia hadi udongo ukaonekana. Mke wangu alikuja kunisaidia kwa jembe, goti lake likilalamika.

“Kama iko kijani, unakata juu ya nini?”

“Nyoka.”

Aliniangalia, kisha akaendelea kufagia. Jirani yangu alipita na baiskeli iliyobeba magunia ya makala. “Muzee analima bila mbegu! Utavuna nini hapo?” Tulifanya kazi ile vizuri, yeye na mimi. Ni miongoni mwa mambo ambayo yananiuma zaidi, kwamba tulikuwa na furaha siku zile.

Moto ulikuja Jumamosi, mwezi wa tisa. Nilikuwa Manika nikitengenezesha miwani yangu, na nilirudi kwa taxi-moto, pikipiki ya abiria. Kutoka barabara kuu niliuona moshi, na nilijua kabla hatujakunja kona, kwa sababu haukuwa moshi mwembamba. Ulikuwa mnene, wa rangi ya kahawia, umelala upande wetu. Moto wenyewe ulitoka uwanda wa juu, ng'ambo ya barabara. Nani aliuwasha, hadi leo hatujui. Pengine mwindaji wa panya. Pengine mtu aliyetupa kipande cha sigara. Bonde lilikuwa tayari kuwashwa na yeyote.

Mwenye pikipiki alisimama kabla ya mabomba ya kijito. Pande zote mbili za barabara majani yalikuwa yanawaka, na miali iligusana juu ya njia. Mabua yalipasuka kwa mfululizo. Joto lilitusukuma nyuma, tukarudi, tukasimama na wengine waliokuwa wamekuta njia imefungwa. Hatukuwa na la kufanya. Watu waliita majina ya watoto wao kuelekea kwenye moshi. Mimi niliita la mke wangu. Nilitaka kupita, na mwenye pikipiki na wanaume wengine walinishika. Walifanya sawa, na nimewahi kuwachukia kwa hilo.

Waliokuwa upande wa nyumba walikimbilia juu, mahali pekee palipobaki, wakakusanyika chini ya ukuta. Waliupiga kwa mawe na sufuria. Walinzi wa upande wa pili walisikia. Mmoja wao alimwita dereva wa mashine ya kuchimbia, na yule dereva, bila kumwuliza mkubwa wake, aliubomoa ukuta kwa ndoo ya chuma. Watu wote wa mteremko walipita katika tundu lile. Nyumba nyingi ziliungua. Mtu aliyekuwa kwenye mteremko hakufa hata mmoja.

Wanawake waliokuwa kwenye visima vya pembeni walitoka mapema. Jirani yangu, yule mcheshi, alikuwa amewakimbilia kuwaita. Aliingia ndani ya majani hadi karibu na kisima cha mke wangu, na mikono yake ina makovu mpaka sasa. Alinisimulia mara moja tu, ameketi kwenye kile kiti alichokalia shefu, na hakucheka.

“Nilimuita, Muzee. ‘Mama, kuya! Kimbia!’ Alikuwa ameisha kukaa mu mayi, kitenge juu ya kichwa. Akaniambia, ‘Kimbia wee, mi na goti hii siwezi. Mi niko mu mayi. Muzee alisema nikae mu mayi.’”

Tulipoweza kuingia, bonde lilikuwa jeusi na lilikuwa linatoa moshi kutoka chini ya miguu yetu. Mama mkwe wangu alikuwa amesema kweli. Udongo wenyewe ulikuwa unaungua chini kwa chini, na uliendelea hivyo hadi mvua za kwanza. Nilimkuta mke wangu ameketi kisimani, ameegemea ukingo, maji yakiwa kifuani. Moto haukumgusa. Kitenge kilikuwa bado kibichi. Mihogo yake ilielea kumzunguka. Moshi ndio uliomchukua, moshi uliotoka kwenye udongo ule na kukaa juu ya maji kama kifuniko.

Baada ya mazishi yule msichana wa Lubumbashi alirudi. Alisimama uani kwangu na kofia yake mkononi. Nilimwambia kila kitu: Jumapili ile, shefu, maji, barabara. Sikumwachia shefu sehemu yangu. Aliniuliza swali moja tu.

“Papa, juu ya nini?”

Nikamweleza kuhusu misalaba kwenye milango. Hakuwa amewahi kuisikia. Akasema, “Ningejua, ningetumia rangi ingine.”

Alishuka peke yake hadi bondeni, na alipopanda tena bonde lilikuwa limekuwa jekundu kwenye kioo chake. Malori hayakuja. Mwaka uliofuata hakuna nyumba iliyotiwa alama. Kikosi kilikuja mwezi wa sita kuchoma majani mapema, na kampuni ikatia mlango wa chuma pale ukuta ulipobomolewa. Shefu bado ni shefu. Tunasalimiana baada ya misa. Nilisimama kanisani na kuwaambia watu nilichokifanya, na baadhi yao waliacha kunipa mkono, na wengine waliendelea, na hawa wa pili ndio ninaoshindwa kuwatazama.

Nyumba yangu haikuungua. Moto ulifika kwenye ukanda tuliofagia, ukakosa cha kula, ukageuka. Kuta zote zipo, kiti kipo, na asubuhi nikifungua mlango wa nyuma naliona bonde lote, hadi kwenye mabomba ya kijito. Watoto wetu wakubwa, walio mjini, wananiambia nihame. Sihami. Niliitaka nyumba hii kiasi cha kusema kwamba bonde ni salama, na sasa ninayo, na ninaishi ndani yake peke yangu. Nilijua majani yale yangeungua. Mke wangu hakujua, kwa sababu mimi ndiye niliyemwambia kwamba kuna maji, na aliniamini, na akakaa. Uamuzi wangu wa Jumapili ile ulimuua mke wangu.